Mji Mkongwe wa Kumwamkia Bibi Yangu

Ndugu msomaji, usishangae kichwa cha makala haya. Bibi yangu mzaa mama hajui mwaka aliozaliwa, ila anajua kwamba alikuwa anachunga mbuzi tayari siku askari walipokuja kuchoma nyumba za Ngarenanyuki, na hiyo ilikuwa Novemba 1951. Tukimpa miaka minane au tisa kwa wakati ule hatutakuwa tumemkosea. Sasa mimi mjukuu wake nimetembea kwa miguu, Jumapili nzima ya mwezi wa Oktoba, ndani ya mji mkongwe wa Warsaw, mji mkuu wa Polandi. Nimeona ngome, kanisa kuu, uwanja wa soko la kale na vichochoro vilivyotandazwa mawe. Kumbe soko lile la kale lilizinduliwa tarehe 22 Julai 1953! Kwa desturi za kwetu, mji huo ukikutana na Bibi njiani unapaswa kuanza wenyewe: shikamoo.

Nimefikaje huku? Najua nitaulizwa, maana kijana aliyeishia kidato cha nne, tena anayejulikana kijiji kizima kwa kuandika riwaya isiyokwisha, hategemewi kuonekana Ulaya. Jibu ni fupi. Nafungasha bidhaa usiku katika ghala moja nje ya Warsaw, kwa mkataba. Habari za wakala aliyetuleta na makato yake nitaziandika siku nyingine moyo ukishapoa. Jumapili ndiyo siku yangu. Wenzangu hulala mpaka jioni. Mimi nilivaa soksi mbili mbili nikapanda treni.

Ilikuwepo sababu ya kunitoa kitandani. Mimi ni mtoto wa Tengeru. Waliopita barabara ya Arusha kwenda Moshi wanalijua soko letu na ndizi zetu, lakini wachache wameingia ndani hadi kwenye chuo cha mifugo, ambako pana makaburi ya Wapolandi karibu 150 yaliyozungushiwa ukuta. Utotoni tulichungulia getini tukajaribu kusoma yale majina, konsonanti tatu nne zimefuatana bila hata irabu moja ya kupumzikia. Wakubwa walituambia ni Wazungu wa wakati wa vita, basi, habari ikaishia hapo. Baadaye ndipo nilipojisomea mwenyewe. Mwaka 1940 na 1941 dola ya Kisovieti iliwakamata mamia ya maelfu ya raia wa mashariki ya Polandi ikawapeleka Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1942 baadhi yao walitolewa kupitia Uajemi, na watu wapatao 18,000, wengi wao wanawake na watoto, wakaletwa Afrika, Waingereza wakawagawa katika kambi za Uganda, Kenya, Tanganyika na Rhodesia. Tengeru ndiyo iliyokuwa kambi kubwa kuliko zote, karibu watu 5,000, wakikaa kwenye nyumba za msonge zilizopakwa chokaa, wana shule yao, kanisa lao na hospitali yao. Vita vilipokwisha wengi hawakuwa na pa kurudi, kwa sababu mipaka ilikuwa imesogezwa na vijiji vyao vimebaki upande wa Umoja wa Kisovieti.

Hao hawakuwa watu wa Warsaw, nakiri. Lakini mtu akizikwa kwenu, nawe siku moja ukajikuta nchini kwao, utapita bila kubisha hodi?

Kutoka stesheni niliingia mtaa wa Chmielna, na hapo hapo, kabla hata sijaufikia mji mkongwe, nikakuta jiwe la ukumbusho la mtu mweusi. Nilirudi nyuma nikasoma tena. Ni August Agbola O'Brown, mzaliwa wa Nigeria, mpiga ngoma wa bendi za jazi, aliyefika Polandi mwaka 1922 akakaa. Mwaka 1949 alijaza fomu ya kujiunga na chama cha wapiganaji wa zamani, akaandika kwamba alipigana katika maasi ya 1944 kwa jina la siri la Ali. Alihamia Uingereza mwaka 1958, akafia huko mwaka 1976, na jiwe lenyewe limewekwa mwaka 2019. Karibu yote yanayojulikana kuhusu vita vyake yametoka kwenye ile fomu moja. Nilisimama pale kitambo. Fomu isingetunzwa, na jiwe lisingekuwepo. Wazo hilo liliniingia kama mwiba, nikaendelea kuchechemea nalo siku nzima.

Ukiifuata Krakowskie Przedmieście mpaka mwisho unaangukia Uwanja wa Ngome. Katikati pana nguzo ya mita 22, na juu yake Mfalme Zygmunt wa Tatu ameshika msalaba na upanga. Huyu ndiye aliyehamisha makao ya ufalme kutoka Kraków mwishoni mwa karne ya 16, na mwanawe akamsimamishia nguzo hiyo mwaka 1644. Watalii hupiga picha wakapita. Mimi nilikuwa natafuta choo, ukweli lazima usemwe, nikazunguka kando ya ngome upande wa kusini, nikakuta nguzo mbili kubwa zimelala kwenye majani kama magogo yaliyokosa lori. Moja ndiyo ile ya mwanzo kabisa. Ya pili iliibadili katika karne ya 19, kisha Septemba 1944 kifaru cha Wajerumani kikaipiga ikaanguka na mfalme wake. Mfalme akaokotwa amevunjika hapa na pale, akaungwa, na mwaka 1949 akapandishwa juu ya nguzo mpya. Kwa hiyo pale juu mfalme ni yule yule, lakini alichosimamia ni kingine, na kile cha zamani kimelazwa pembeni ili anayetaka kukijua akijue. Hilo lilinipendeza. Wangeweza kuzizika nguzo zile wakanyamaza.

Sasa lazima nieleze kilichotokea, la sivyo msomaji ataniona nababaika na mawe. Tarehe 1 Agosti 1944, baada ya miaka mitano ya kutawaliwa na Wajerumani, jeshi la siri la Wapolandi liliinuka kupigana ndani ya Warsaw. Walidhani ni siku chache tu, kwa kuwa jeshi la Kisovieti lilikuwa linakaribia ng'ambo ya mto Vistula. Zikawa siku 63. Wasovieti walifika ukingo wa pili Septemba ile na mji haukuokoka. Raia waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 150,000 na 200,000. Walipojisalimisha mwanzoni mwa Oktoba, waliobaki hai walitolewa mjini, halafu vikosi maalumu vya Wajerumani vikapita mtaa kwa mtaa na nyumba kwa nyumba, vikichoma na kulipua majengo yasiyokuwa na mtu ndani. Hapo hapakuwa na mapigano tena. Ilikuwa ni kazi, ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Shirika la UNESCO, lililouingiza mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980, linasema zaidi ya asilimia 85 ya sehemu hii ya kale iliangamizwa.

Ngome ya wafalme iliungua kwa mabomu tarehe 17 Septemba 1939. Saa ya mnarani ikasimama ikionyesha saa tano na robo asubuhi. Baadaye Wajerumani walitoboa kuta matundu kwa maelfu wakiyaandaa kwa baruti, na matundu yale yakakaa yakisubiri mpaka Septemba 1944 ndipo ngome ikalipuliwa. Uwanja ukabaki mtupu kwa miaka mingi. Uamuzi wa kuijenga upya ulitolewa Januari 1971, fedha zikachangwa na wananchi, na tarehe 19 Julai 1974 saa ya mnara mpya ikaanzishwa kutembea tena kuanzia pale pale ilipokatikia, saa tano na robo. Kila siku saa hiyo hupigwa tarumbeta kutoka juu. Nilikuwepo. Sauti ilitoka nyembamba, upepo ukaichukua upande wa mtoni, na mama mmoja kando yangu akasimamisha kigari cha mtoto wake mpaka ilipokwisha.

Nilikata tiketi nikaingia, japo bei yake ni chakula changu cha siku mbili. Nilichokifuata ni chumba kimoja tu. Kuna mchoraji wa Venice aliyeitwa Bernardo Bellotto, mpwa wa yule Canaletto maarufu, na mwenyewe akipenda kujiita Canaletto vile vile ili apate soko. Katika miaka ya 1770 alichora Warsaw kwa ajili ya mfalme wa mwisho wa Polandi, Stanisław August Poniatowski, mtaa baada ya mtaa, akaweka madirisha, vigae, matope, mbwa, wauza mboga. Akafia hapa hapa mwaka 1780. Picha 22 zimetundikwa katika chumba hicho. Wajerumani walizichukua, baada ya vita zikarudishwa, na wajenzi wakazitumia kujua nyumba gani ilikuwa na dirisha la namna gani. Nilizisogelea mpaka mlinzi akakohoa. Nilikuwa natazama nguo zilizoanikwa na mtu wa karne ya 18 zikiwa zimesaidia kujenga ukuta wa karne ya 20.

Ila Bellotto alikuwa msanii, na wasanii mnatujua. Mahali alipoona jengo halipendezi alilinyoosha kidogo. Kwa hiyo picha peke yake isingetosha. Waliotosha ni wengine, ambao watalii wengi hawawasikii. Kabla ya vita, walimu na wanafunzi wa kitivo cha usanifu majengo cha chuo cha ufundi cha Warsaw walikuwa na desturi ya kutoka na futi na penseli, wakipima nyumba za zamani moja moja: upana wa mlango, unene wa ukuta, mpindo wa ngazi. Kazi ya kuchosha, ya wanafunzi, ya kupewa maksi. Profesa wao Oskar Sosnowski alijeruhiwa vibaya katika jengo la kitivo Septemba 1939, akiwa katika kuziokoa hizo karatasi, akafariki. Waliobaki waliendelea kupima kwa siri chini ya Wajerumani. Na maasi yalipokwisha, mji ukiwa unachomwa, baadhi yao, akiwemo Jan Zachwatowicz, walifanikiwa kuitoa michoro ile na kuificha katika nyumba ya watawa kwenye mji wa Piotrków. Fikiria hiyo hali, msomaji. Nyumba zinateketea, na kilichobebwa ni vipimo vyake.

Zachwatowicz ndiye aliyekuja kusimamia kazi ya kurudisha majengo ya kale. Ofisi ya kuujenga upya mji mkuu iliundwa Februari 1945, vita vyenyewe havijaisha Ulaya. Kifusi kikachambuliwa kwa mikono, tofali zima huku, kipande huku, jiwe la nakshi kule. Hayakutosha, mengine yakaletwa kwa treni kutoka miji iliyokuwa ya Wajerumani kama Wrocław. Wrocław nayo ilikuwa na magofu yake na wakazi wake waliohitaji paa, kwa hiyo sikuweza kusherehekea sana tofali la mwenzangu.

Kutoka ngomeni nilishika mtaa wa Świętojańska. Kanisa kuu la Mtakatifu Yohane limerudishwa kwa sura ambayo hata mwaka 1939 halikuwa nayo: uso wa karne ya 19 uliachwa, likavikwa wa kigothi kama walivyodhani lilikuwa zamani zaidi. Ubavuni, upande wa kichochoro cha Dziekania, wamepachika ukutani kipande cha mnyororo wa gari la mlipuko la Wajerumani. Nilikigusa. Chuma cha baridi tu.

Halafu nikatokea sokoni. Ni uwanja wa kama mita 90 kwa 73, umezungukwa pande zote nne na nyumba nyembamba ndefu zilizobanana mabega, moja ya njano, moja ya kijani, moja nyekundu ya matofali, zimechorwa nakshi, katikati amekaa nguva mwenye upanga na ngao, ambaye ndiye nembo ya mji. (Naye ni nakala, nguva wa mwaka 1855 amewekwa ndani ya jumba la makumbusho tangu 2008.) Pananukia mdalasini na moshi wa soseji. Pazuri, sitaki kuficha.

Lakini mwenzangu wa ghalani, kijana wa Ukraine anayejua kila kitu, alikuwa ameniambia siku moja kabla: "Usipoteze nauli, bwana, kule ni maigizo, ni jukwaa la sinema." Maneno yake yalinikaa. Nikaanza kuuchunguza uwanja kwa jicho la mpelelezi, nikagundua hakukosea kabisa. Kabla ya vita hapa palikuwa mahali pa watu maskini, wamesongamana, nyuma ya kila nyumba kuna nyumba nyingine na nyingine tena, uani hakuingii jua. Hizo za nyuma wengi wake hawakuzirudisha. Ghorofa zilizoongezwa karne ya 19 zikakatwa. Uso ni wa karne ya 17 na 18, tumbo ni la mwaka 1953: fleti zenye maji na umeme, zikagawiwa kwa wafanyakazi na wasanii. Ardhi yote ya mji ilikuwa imetaifishwa kwa amri ya Oktoba 1945, na wenye nyumba wa zamani, au warithi wao, wakabaki kuangalia. Sisi tuliotaifisha majumba mwaka 1971 tunaijua ladha ya habari hiyo, pande zote mbili. Hata tarehe ya uzinduzi, Julai 22, ilichaguliwa kwa kuwa ni sikukuu ya serikali mpya ya Kikomunisti. Chini ya Uwanja wa Ngome walipitisha barabara kubwa ndani ya handaki, wakaweka na ngazi za umeme kutoka Urusi, zikazinduliwa tarehe hiyo hiyo mwaka 1949, watu wakapanga foleni kupanda ngazi zinazotembea zenyewe huku wamezungukwa na magofu.

Basi ni maigizo? Nilikaa kwenye kizingiti cha mlango mmoja nikafikiri, mikono mfukoni. Mimi ninayeandika riwaya naambiwa neno hilo hilo nyumbani: uongo. Eti unatunga watu ambao hawakuwepo. Nilichojibu moyoni mwangu ni kwamba jukwaa la sinema hubomolewa filamu ikiisha, na mle ndani hakuna anayeishi. Hapa mtoto alitokea mlango wa pili amebeba begi la gitaa, akamfokea mama yake aliyekuwa dirishani. Nyumba ina umri wa miaka sabini na zaidi. Waliozaliwa humo wamekwisha kuzeeka humo. Mwenzangu wa Ukraine nitamjibu hivyo zamu ijayo, ingawa najua hatanyamaza.

Karibu na ukuta wa zamani wa mji, mtaa wa Podwale, kuna sanamu ya mtoto amevaa kofia ya chuma ya mtu mzima imemfunika mpaka machoni, kabeba bunduki. Imewekwa mwaka 1983. Watoto walitumika katika maasi kupeleka barua na kadhalika. Sikuipenda; inamfanya mtoto apendeze. Hatua chache kutoka pale, mtaa wa Kilińskiego, tarehe 13 Agosti 1944, watu waliliteka gari dogo la deraya la Wajerumani wakalikokota kwa shangwe, wamelizunguka wanalishangilia, likalipuka. Zaidi ya watu 300 walikufa. Mtaa wenyewe leo ni mfupi, mtulivu, una miti. Hapo sikuandika chochote kwenye daftari.

Mji mkongwe ulianguka Septemba 2. Kabla ya hapo, kiasi cha watu 5,000, wapiganaji na baadhi ya raia, walishuka katika chemba ya maji machafu kwenye kona ya mtaa wa Długa wakatambaa gizani mpaka katikati ya mji, wamebeba majeruhi waliowaweza. Wasioweza kutembea waliachwa. Chemba ile ina kibao cha ukumbusho. Watu wanaikanyaga wakivuka kwenda kituo cha basi, nami nikaikwepa kama ninavyoruka kaburi.

Hapa ziara ya watalii huwa imekwisha. Mimi niliendelea kutembea kuelekea magharibi, mwendo wa robo saa hivi, mpaka mtaa uitwao Muranów. Hapa hakuna vigae vyekundu. Ni fleti za ghorofa tatu nne, za kawaida, kama za shirika la nyumba popote duniani, miti mikubwa, watu wanatembeza mbwa. Ila kuna kitu cha ajabu: nyumba nyingi zimekaa juu ya vilima vidogo, na kutoka barabarani lazima upande ngazi ndipo ufike mlangoni. Warsaw ni tambarare. Vilima hivyo ni nini?

Ni nyumba. Kabla ya vita, hapa ndipo waliposhi Wayahudi wengi wa Warsaw, mji ambao karibu theluthi moja ya wakazi wake walikuwa Wayahudi. Mwaka 1940 Wajerumani waliwafungia humu ndani ya ukuta, zaidi ya watu 400,000 walipokuwa wengi zaidi. Kuanzia Julai 22, 1942 (ndiyo, tarehe ile ile, miaka kumi na moja kabla ya sherehe za sokoni) zaidi ya 250,000 walipakiwa kwenye mabehewa kupelekwa Treblinka kuuawa. Waliobaki waliinuka Aprili 1943 wakapigana karibu mwezi mzima, na baada ya kushindwa mtaa wote ukasawazishwa na ardhi. Kifusi kilikuwa kingi mno kuzolewa. Msanifu Bohdan Lachert akaamua kujenga juu yake, tena kwa matofali yaliyofyatuliwa kutokana na kifusi chenyewe. Watu wanalala juu ya vyumba vya wenzao. Lipo jumba kubwa la makumbusho la historia ya Wayahudi wa Polandi, lilifunguliwa mwaka 2013, na mbele yake mnara wa mashujaa uliowekwa mwaka 1948. Lakini mitaa yenyewe, maduka, ngazi, nyua zilizojaa nguo, hakuna aliyevirudisha. Wasanifu wa wakati ule waliziona nyumba za karne ya 19 kuwa mbovu, hazifai kurithiwa. Na ambao wangezidai hawakuwepo.

Nilipanda kimojawapo cha vilima hivyo nikakaa kwenye benchi. Miguu ilikuwa imevimba. Hapo ndipo Ngarenanyuki iliponijia, na si kwa kupenda.

Kwa wasiojua: Ngarenanyuki ni upande wa kaskazini wa Mlima Meru. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza ya Tanganyika iliamua kuwaondoa Wameru pale ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Novemba 17 kazi ikaanza. Watu wapatao 3,000 walitolewa, nyumba zikachomwa. Mwaka uliofuata Wameru walimtuma Kirilo Japhet hadi New York, mbele ya Umoja wa Mataifa, kushitaki. Hayo yamo katika vitabu. Kisichokuwemo ni nyumba yenyewe. Novemba ile ile Warsaw walikuwa wanapanga tofali juu ya tofali kufuata michoro ya wanafunzi, na huko kwetu nyumba ya baba wa Bibi ilichukua, kwa maneno ya Bibi, muda wa kukamua ng'ombe mmoja, kwisha. Hakuna aliyekuwa ameipima. Nani angeipima? Nyumba ya msonge, majani na fito, mwenyewe akijisikia anajenga nyingine.

Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia miaka yote. Riwaya yangu isiyokwisha inahusu nyumba hiyo, na sababu ya kutokwisha kwake ni kwamba kila nikifika mlangoni sijui niingie mkono gani. Nilikuwa naipamba tu kama Bellotto, bila ya wale wanafunzi na futi zao.

Nikampigia simu mama mdogo, nikamwomba ampelekee Bibi. Kule ilikuwa jioni.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Huko baridi haijakuua?"

"Bado. Bibi, ile nyumba ya Ngarenanyuki, mlango wake ulitazama wapi?"

Alinyamaza mpaka nikadhani vocha imekatika. Nikamsikia akimwambia mama mdogo apunguze redio.

"Ulitazama jua linakotoka. Asubuhi tukiamka tunaiona Kibo kabla mawingu hayajaifunika. Wewe wa nini? Unataka kuijenga huko kwa Wazungu?"

"Nataka kuichora, Bibi. Ukiingia, ndama walikaa mkono gani?"

"Kushoto. Na mama alilala kulia, karibu na moto. Kwani mama yako hajakueleza?"

Nilitoa daftari, nikachora duara, nikaweka mlango mashariki. Mkono ulikuwa unatetemeka kwa baridi, duara likatoka kama kiazi. Nikamwuliza kutoka mlangoni mpaka zizini zilikuwa hatua ngapi.

"Hatua za nani?" akasema. "Zangu za wakati ule, au za baba?"

Nikamwambia anipe zote mbili. Akaanza kuhesabu.